Siku saba kutoka Uppsala mpaka Tervuren, nikifuata orodha ya watu na wanyama

Siku ya 1, Uppsala, Sweden

Nimefika asubuhi, baridi inauma masikio, begi bado liko mgongoni nikaenda moja kwa moja kwenye bustani ya Linnaeus maana ndo sababu ya safari yote hii. Shuleni tulifundishwa kwamba Carl Linnaeus ndo aliyewapa viumbe majina mawili mawili ya Kilatini, tukakariri Homo sapiens, tukaingia kwenye mtihani, basi. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kwenye kitabu kile kile alichowapanga popo na panya na simba, na sisi watu tumo, tena tumepangwa kwa mafungu.

Kitabu kinaitwa Systema Naturae, toleo la kwanza la 1735, kurasa chache tu ila kubwa kama meza. Humo binadamu kawekwa kundi moja na nyani na yule mnyama mzito wa Amerika Kusini anayening'inia mitini kichwa chini. Kwa wakati ule hilo peke yake lilikuwa jambo zito, na mi sina ugomvi nalo, binadamu ni mnyama kati ya wanyama. Shida inaanza mstari unaofuata. Watu kawagawa mara nne kwa bara na rangi: Mzungu mweupe, Mmarekani mwekundu, Mwasia wa kahawia, Mwafrika mweusi, na Mwafrika ndo wa mwisho. Alafu toleo la 10, mwaka 1758, akaongeza tabia. Mzungu anaongozwa na sheria. Mwasia anaongozwa na maoni, Mmarekani na mila. Mwafrika ni mjanja, mvivu, mzembe, anajipaka mafuta, anaongozwa na lolote linalomjia kichwani. Imeandikwa kwa sauti ile ile ya kusema mbuni haruki, kana kwamba uvivu ni kitu unaweza kukihesabu kama meno.

Na huyu bwana hakuwahi kukanyaga Afrika. Alifika Lapland, kaskazini kabisa mwa Sweden, mwaka 1732, alafu Uholanzi, Uingereza na Ufaransa, akarudi.

Bustani yenyewe ni ndogo kuliko nilivyodhani, vitalu vimenyooka, kila mmea na kibao chake. Ila kilichonishika ni vibanda vya nyani. Alikuwa anafuga nyani humu, na wamevijenga upya vile vibanda vyao: kisanduku cha mbao chenye paa, juu ya nguzo ndefu, kama nyumba ya njiwa. Nyani alifungwa mnyororo pale. Nilisimama chini ya kimoja muda mrefu nikifikiria barua aliyomwandikia mwenzake Gmelin mwaka 1747, kwamba aonyeshwe tofauti ya kimsingi kati ya mtu na nyani maana yeye haijui, na kwamba akimwita mtu nyani au nyani mtu wanateolojia wote watamrukia. Yaani kati ya mtu na nyani alishindwa kuona mpaka, ila kati ya mtu na mtu aliona minne.

Jioni nikaingia kanisa kuu, kaburi lake liko chini ya sakafu, watu wanapita juu yake. Na mji huu huu, mwaka 1922, serikali ya Sweden ilifungua taasisi ya utafiti wa mbari za watu, mkuu wake Herman Lundborg, wakawapiga picha Wasami, wenyeji wa kaskazini, na kuwapima vichwa. Miaka 164 tangu lile toleo la 10. Niliihesabu kwenye vidole nikiwa nimekaa pale benchini.

Siku ya 2, treni ya usiku kwenda Hamburg

Sikulala. Nje giza na misitu tu. Niliandika kwenye daftari swali moja ambalo nataka kulibeba njia nzima: ukishaandika jina la mtu kwenye orodha ya wanyama, nani anakuja baada yako na kuitumia hiyo orodha? Maana Linnaeus hakumfungia mtu kizimbani. Alikuwa na kalamu tu. Hamburg ndo nimeambiwa nitamkuta aliyekuwa na kizimba.

Siku ya 3, Hamburg

Bustani ya wanyama ya Hagenbeck iko Stellingen. Kabla sijaingia nilitaka kuliona lango la zamani, lile la mwaka 1907, na nakwambia lile lango linaongea kuliko vitabu. Juu kuna vichwa vya tembo wamening'iniza mikonga, kuna simba, kuna dubu, na katikati yao, kwa shaba ile ile, kuna watu. Mmoja ni Mhindi Mwekundu wa Amerika, mwingine ni shujaa wa Kinubi. Wamesimama na silaha zao pale kwenye safu ya wanyama kama sehemu ya kile utakachokuta ndani.

Historia yake ndo hii. Mwaka 1848 baba wa Carl Hagenbeck, muuza samaki, aliletewa sili na wavuvi wake, akawaweka kwenye mabeseni ya mbao, watu wakalipa kuwatazama. Mtoto akakuza ile biashara mpaka akawa muuzaji mkubwa wa wanyama pori Ulaya, tembo, twiga, viboko, anauzia sarakasi na wafalme. Katikati ya miaka ya 1870 akawa analeta kulungu wa kaskazini, rafiki yake mchoraji akamshauri, walete na Wasami wanaowafuga, itapendeza zaidi. Wakaja familia nzima na mtoto mchanga, watu wakajaa. Hapo biashara mbili zikawa moja. Walewale mawakala waliokuwa wanaenda Sudan kununua wanyama wakaanza kurudi na wanyama pamoja na Wanubi.

Mtu ambaye sikuweza kumtoa kichwani leo ni Abraham Ulrikab. Mwinuit, yaani mtu wa wenyeji wa nchi za barafu, Mkristo, kutoka Hebron huko Labrador, Kanada, anapiga fidla, anajua kusoma na kuandika. Alikuwa na madeni, mwaka 1880 wakala wa Hagenbeck akampa mkataba, akaja na mkewe na watoto wawili wa kike, na wenzao, jumla watu 8. Wakazungushwa, Hamburg, Berlin, Prague, mji hadi mji, kwenye bustani za wanyama. Na Abraham alikuwa anaandika shajara. Kwa hiyo tuna sauti kutoka upande wa ndani wa uzio. Anasimulia Berlin jinsi umati ulivyobomoa ukafika mpaka kwenye kibanda chao, mkewe na wengine wakajificha, ikabidi atoke na mjeledi na chusa la kuvulia sili ndo watu wakakimbia. Hao watu walikuwa wamekuja kumtazama mtu wa porini.

Hakuna aliyewachanja ndui mapema, walipochanjwa ilikuwa imeshachelewa. Wa kwanza alikufa Desemba 1880, na Januari 1881 wote 8 walikuwa wameshakufa. Mifupa ya baadhi yao ikabaki kwenye stoo za makumbusho Paris, kwa zaidi ya miaka 100, na namba juu yake.

Ndani ya bustani handaki za Hagenbeck bado zinasifiwa, kwamba aliondoa nondo na mnyama ukamuona kama yuko huru. Nilimtazama simba ng'ambo ya handaki. Ni kweli, nondo huzioni.

Siku ya 4, Göttingen kwa dirishani, kisha Kassel

Treni ilisimama Göttingen dakika chache tu, sikushuka, ila siwezi kupita kimya maana hapa ndo alifundisha Johann Friedrich Blumenbach. Mwaka 1795 aligawa watu mafungu matano na moja akaliita la Kaukazi, jina la milima iliyo huko Georgia, nchi ambayo watu wake aliwaona wazuri kuliko wote, na mfano wake ulikuwa fuvu moja la mwanamke wa huko ambalo aliliona zuri kuliko yote kwenye mkusanyiko wake. Ndo neno hilohilo mpaka leo utalikuta kwenye fomu za watu, limeenezwa na profesa mmoja aliyependezwa na fuvu moja.

Lakini huyu nisimuonee. Blumenbach alisema waziwazi watu wote ni spishi moja. Alisema tofauti ya fuvu la Mwafrika na la Mzungu haizidi tofauti ya nguruwe wa kufugwa na nguruwe mwitu, akakusanya vitabu vilivyoandikwa na watu weusi awaonyeshe wenzake kwamba akili ni ileile. Kanitetea, nakubali. Ila hata kunitetea ilibidi apitie kwa nguruwe, na mafungu yake matano waliomfuata wakayachukua bila ule utetezi.

Kassel nimeshuka. Sikuwa nimeuweka huu mji kwenye mpango wa mwanzo, niliuongeza baada ya kusoma kuhusu tembo. Kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe, jengo la Ottoneum, kuna mifupa ya tembo aliyekuwa mali ya mtawala wa hapa, Friedrich wa Pili wa Hessen-Kassel. Tembo alikufa mwaka 1780 na mwili wake ukapewa daktari kijana wa anatomia, Samuel Thomas Soemmerring, aupasue. Goethe mwenyewe, yule mshairi mkubwa wa Ujerumani, aliliazima lile fuvu alichunguze. Nilizunguka ile mifupa mara tatu, imekuwa na rangi ya asali, mguu wa mbele unanifika kifuani.

Sasa huyu Friedrich hakuwa na tembo tu. Kule juu Wilhelmshöhe, kwenye bustani yake kubwa, alijenga kijiji cha mapambo cha mtindo wa Kichina, kinaitwa Mulang, na humo akaweka watu weusi wakae na kufanya kazi. Wengine walifika na askari wake waliorudi kutoka vita vya uhuru wa Marekani. Wakafa, na miili yao ikaenda kwa nani? Kwa Soemmerring. Meza ileile, na kisu kilekile pengine. Mwaka 1784 akatoa kitabu cha kulinganisha mwili wa mtu mweusi na wa Mzungu, akahitimisha kwamba mtu mweusi kwa jumla yuko karibu kidogo zaidi na nyani, ingawa bado ni mtu. Bado ni mtu! Nilisoma hiyo "bado" mara nyingi sana.

Nilipanda mpaka Mulang. Sasa hivi ni mtaa wa nyumba nzuri zenye miti mikubwa, kimya kabisa, mzee mmoja anafagia majani. Tembo wa Kassel ana ukumbi, ana taa, ana kibao kinachoeleza maisha yake. Hawa watu nilizunguka saa nzima nikitafuta jina hata la mmoja, sikuliona. Niliokota jani moja nikaliweka kwenye daftari, sijui kwa nini, nilitaka tu kuondoka na kitu.

Siku ya 5, Paris, Jardin des Plantes

Leo ni siku niliyokuwa naiogopa.

Ukumbi wa anatomia linganishi umejaa mifupa kutoka ukuta hadi ukuta, mamia, yote imeelekezwa upande mmoja kama jeshi linakuja kukupokea, nyangumi, vifaru, farasi. Ni kazi ya Georges Cuvier na waliomfuata, na kama kazi ya elimu ya wanyama ni kubwa kweli, sitaki kuidharau. Ila nilikuja kwa ajili ya Sarah Baartman.

Alikuwa Mkhoikhoi, kutoka kule Afrika Kusini. Alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa Piccadilly kwa ajili ya umbo lake, 1814 akaletwa Paris, akaishia mikononi mwa mtu wa kuonyesha wanyama. Machi 1815 wanasayansi wakamleta hapa bustanini siku tatu wamchore na kumpima, walikuwepo Cuvier na Étienne Geoffroy Saint-Hilaire. Walitaka avue nguo zote na yeye akang'ang'ania kitambaa chake. Desemba ya mwaka ule akafa. Cuvier akaupasua mwili wake, akachukua mifupa, ubongo na sehemu za siri.

Ripoti ya Cuvier ya 1817 ndo inayoniumiza zaidi, kwa sababu macho yake yaliona. Ameandika kwamba huyu mama alikuwa na kumbukumbu nzuri, aliongea Kiholanzi vizuri, Kiingereza kiasi, na Kifaransa alishaanza kukishika. Lugha tatu, mbali na ya kwao! Na kwenye ripoti ileile akasema anavyojitikisa ni kama nyani. Kilichokuwa mbele yake ni mtu anayejifunza lugha yake, na bado orodha ikamshinda nguvu. Baadaye picha yake ikachapishwa kwenye kitabu kikubwa cha mamalia, yeye peke yake binadamu, kati ya nyani.

Mifupa yake ilionyeshwa kwa umma hapa Paris mpaka 1974. Huo si wakati wa babu wa babu yangu, kuna watu niliopanda nao treni leo walishazaliwa. Ilibidi bunge la Ufaransa litunge sheria mwaka 2002 ndo arudishwe kwao, akazikwa Hankey tarehe 9 Agosti 2002.

Alafu kuna twiga. Mwaka 1827, miaka 12 tu baadaye, alifika hapa twiga aliyekamatwa Sudan, zawadi ya mtawala wa Misri kwa mfalme wa Ufaransa. Geoffroy Saint-Hilaire huyuhuyu akamsindikiza kwa miguu kutoka Marseille mpaka Paris, karibu kilomita 900, twiga kashonewa koti la mvua, miji yote inatoka kumshangilia. Akakaa bustani hiihii miaka 18. Msudani aliyemtunza, Atir, alilala humohumo kwenye nyumba ya twiga, kwenye jukwaa karibu na kichwa chake. Nilikaa benchi nikatamani tu kujua Atir alikuwa anamwambia nini yule twiga usiku, kwa Kiarabu, wakiwa wawili tu.

Siku ya 6, Jardin d'Acclimatation, kisha treni ya Brussels

Sikukaa sana. Leo ni bustani ya michezo ya watoto, bembea na treni ndogo. Mwaka 1877 mkurugenzi wake, Albert Geoffroy Saint-Hilaire, mjukuu wa yule wa jana, aliona mapato yanashuka akaleta Wanubi na Wainuit waonyeshwe pale, mapato yakapanda, basi ikawa desturi. Abraham wa Labrador na mkewe waliletwa hapa pia. Walikufa Paris, wakipishana siku chache tu.

Kwenye treni nilimkumbuka okapi, na hii lazima niisimulie. Karibu na mwaka 1900 Mjerumani mmoja aliwateka Wambuti, watu wafupi wa msituni, kutoka msitu wa Ituri huko Kongo ili akawaonyeshe kwenye maonyesho ya Paris. Harry Johnston, aliyekuwa anatawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, akawaokoa, na akiwa anawarudisha kwao akawauliza kuhusu mnyama wa ajabu wa msituni aliyemsikia. Wakamweleza vizuri kabisa, alivyo, jina lake, anapokaa. Johnston akapata vipande vya ngozi, akavituma London, na mwaka 1901 wataalamu wakadhani ni aina ya pundamilia, mpaka fuvu lilipofika wakajua ni ndugu wa twiga. Leo anaitwa Okapia johnstoni. Watu waliotekwa ili watazamwe kama wanyama ndo walikuwa walimu wa elimu ya wanyama, na jina likaenda kwa aliyeuliza swali.

Siku ya 7, Tervuren, Ubelgiji

Tramu namba 44 inapita katikati ya msitu mpaka mwisho wa reli. Nilienda kanisani kwanza kabla ya makumbusho.

Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongo 267 kwa maonyesho ya Brussels, akawajengea vijiji hapa Tervuren kwenye bustani yake. Zaidi ya watu milioni walikuja. Walikuwa wanawarushia vyakula na peremende mpaka wakaumwa matumbo, ikabidi kiwekwe kibao kwamba watu weusi wanalishwa na kamati. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba wakafa.

Makaburi yako nje, pembeni mwa ukuta wa kanisa, mawe saba yamelala kwa mstari. Nilimkuta mama mmoja kainama anaondoa majani makavu kwenye jiwe la mwisho. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akainuka akanitazama akacheka, "Eh, Kiswahili! Karibu mutoto yangu." Kwao Bukavu, yuko huku miaka mingi. Nikamuuliza kama hawa ni ndugu zake, akasema, "Sijue kama ni wa kwetu. Lakini hapa ni nani mwingine atawaita?" Akaniambia nisiyasome majina kwa macho tu. "Uyasome na mudomo. Wasikie." Basi tukayasoma wote wawili, yeye anatangulia mimi nafuata.

Makumbusho ilifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka ya ukarabati. Kule chini kuna chumba walichokusanya sanamu ambazo hawataki tena zisimame kumbini. Yumo yule mtu-chui, mtu kajifunika ngozi ya chui, makucha ya chuma mkononi, anamnyemelea aliyelala. Watoto wa shule wa Ubelgiji walipitishwa mbele yake vizazi na vizazi. Nimeangalia sana uso wake. Mchongaji kaweka bidii yote kwenye misuli, uso kaufunika.

Ila nilikuwa natafuta ukuta mmoja. Ni ukuta mrefu ulioandikwa majina ya Wabelgiji waliofia Kongo enzi za mwanzo za ukoloni, zaidi ya 1,500, na hakuna Mkongo hata mmoja. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, hakugusa ule ukuta. Aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayoutazama, ili jua likipita kivuli cha majina kilale juu ya yale mengine.

Nilipofika mawingu yamefunga. Ukutani hakuna kitu. Nikakaa chini sakafuni, watu wanapita, dakika arobaini na kitu, mwanga unakuja kidogo unaondoka, mlinzi kanipita mara mbili. Alafu likatoka. Herufi za kivuli zikaanza hafifu, zimepinda kidogo, zikakolea, zikalala juu ya majina ya makapteni na makarani. Nikasimama nikayasoma kwa mdomo kama mama alivyonifundisha, Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, mlinzi akageuka kunitazama, Samba, Mibange.